Mwanangu yuko Ufini na jua linazama saa kumi jioni. Nimsaidieje nikiwa huku Tabata?

Mama Cherehani, Tabata Segerea

Habarini za jioni ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani, niko Segerea, na kinachonikosesha usingizi ni binti yangu. Aliondoka mwezi wa nane kwenda Ufini kusomea uuguzi, yuko mji unaitwa Oulu, juu kabisa ukitazama ramani. Siku za mwanzo alikuwa ananipigia saa tatu usiku na dirishani kwake bado kweupe. Sasa mambo yamegeuka. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi wenzetu wamerudisha saa nyuma, tukaanza kupishana saa moja, na tangu hapo ananiambia jua linazama saa kumi jioni. Saa kumi! Na bado. Anasema mwezi wa kumi na mbili jua litakuwa linachomoza saa nne na nusu asubuhi, na kwenye saa nane mchana linazama.

Wiki ijayo anaanza mafunzo ya vitendo kwenye nyumba ya kutunzia wazee nje ya mji. Zamu inaanza saa moja asubuhi. Basi linamwacha barabarani, msitu huku na huku, halafu atembee. Kuna kipande hakina njia ya waenda kwa miguu, anapita pembeni ya lami. Atakwenda gizani na kurudi gizani.

Jana alinionyesha alivyojiandaa. Koti jeusi, suruali nyeusi, buti nyeusi, begi jeusi. Akarudi nyuma hatua mbili anizungukie nimwone vizuri, kwenye simu nikabaki kuona uso peke yake. Sikumwambia kitu, lakini roho yangu haijatulia mpaka sasa.

Kuomba naomba kila alfajiri, hilo msiniambie. Nataka kitu cha kufanya kwa mikono. Kuna kijana wa Kinondoni anasafiri kwenda huko katikati ya mwezi, amekubali kunibebea kifurushi kidogo, kisizidi kilo moja. Niweke nini? Na nimwambie nini mwanangu kuhusu magari, barafu na hiyo baridi? Naomba wanaojua waniambie kwa kirefu, nitasoma yote.

Mtu wa Buguruni

Pole sana mama. Makoti mazito nenda Karume asubuhi mapema wakati wanafungua marobota. Huku joto, hakuna anayeyagombania, unapata la maana kwa bei ndogo. Ila kilo moja haitatosha koti. Na mwambie akitoka kazini apige kidogo kitu kikali, damu ichemke, baridi haitamgusa.

Dereva wa Tunduma

Shikamoo mama. Mimi naendesha semi, napakia bandarini hapa Dar, nashusha mpakani Tunduma, wakati mwingine navuka. Ufini sijafika. Ila giza na lami nazifahamu, na naomba nikueleze kinachoonekana ukiwa kwenye usukani, maana anayetembea kwa miguu hakijui.

Mtembea kwa miguu usiku anaona taa za gari kutoka mbali. Anaziona zikipanda kilima, zikishuka, zikikata kona. Basi moyoni anasema, kama mimi namwona namna hii, na yeye kaniona. Hajaonwa, mama. Nikiwa kwenye taa za chini, zile zisizomulika mbali, mtu aliyevaa nguo nyeusi namwona akiwa mita hamsini hivi, na hapo lami iwe kavu na mbele yangu pasiwe na mwenzangu ananimulika. Mwendo wa 80 gari linakata mita 22 kwa sekunde. Hesabu mwenyewe. Ni sekunde mbili na kidogo, na ya kwanza yote inakwisha mguu haujafika kwenye breki. Kama nimebeba tani thelathini na mvua imenyesha, breki hiyo ni ya kumfikia, siyo ya kumkosa.

Lami iliyolowa ndiyo mbaya kuliko zote. Mwanga wa taa zangu unateleza mbele na kupotea, haunirudii. Pale Chalinze usiku wa masika watu wanatoka kwenye vibanda na kanga zao za giza, mimi naona vibanda, watu siwaoni. Lakini bodaboda akiwa amevaa kizibao chenye riflekta namwona angali mbali sana, kabla hata sijajua amepanda nini.

Kitu kingine ambacho madereva tunakijua na watu hawaambiwi: riflekta ikituama, naichukulia kama nguzo ya barabara au lori lililoharibika. Ikicheza, inapanda inashuka kama mguu unavyokwenda, akili inaniambia hapohapo kuwa yule ni binadamu. Kwa hiyo usimwekee mgongoni tu. Mwekee kwenye mikono na miguu.

Dada wa Sinza Mori

Mama mwenzangu, pole, na hongera kwa kumfikisha binti huko. Nimeishi Oulu miaka kadhaa, nikaanza na kazi ya usafi, baadaye nikawa kwenye nyumba ya wazee kama hiyo anayokwenda yeye. Zamu ya saa moja asubuhi naijua. Kaka dereva kaeleza vizuri kuliko watu wengi wa huko, nami naongezea ya kwangu.

Kwanza naomba nianze na la pombe. Ndugu wa Buguruni ameshauri kwa nia njema lakini ushauri huo usimfikie mtoto. Pombe inapanua mishipa ya damu ya kwenye ngozi, mtu anahisi joto wakati joto lenyewe linamtoka mwilini kwenda nje. Juu ya hapo inamwondolea akili ya kugundua kwamba ameanza kupoa. Watu wanakaa chini kwenye theluji wapumzike kidogo na hawainuki tena. Chai ya moto kwenye chupa, mkate na kitu chenye mafuta, hivyo ndivyo vya kubeba.

Sasa riflekta. Kule si pambo, sheria ya barabarani inamtaka anayetembea gizani aivae, na utaona hata bibi wa miaka themanini anayo. Hesabu wanayofundishana wenyewe ni hii: kwenye taa za chini, aliyevaa nguo nyeusi anaonekana mita 50, mwenye riflekta mita 350 hivi. Wanazo ndogo za kuning'iniza, zina kamba na pini. Unaipachika mfukoni au kwenye pindo la koti, inaning'inia usawa wa goti, ukitembea inazunguka na kumetameta. Usawa wa goti una maana yake, taa za chini za gari zinamulika chini, hazipandi hadi kifuani.

Halafu upande wa barabara. Hili nalisisitiza kwa kila Mtanzania anayekwenda. Huku kwetu magari yanashika kushoto, kwa hiyo tukitembea kulia tunatazamana nayo. Kule magari yanashika kulia. Pasipo na njia ya miguu atembee kushoto, magari yamjie usoni, na riflekta ya kuning'inia aiweke upande wake wa kulia, ndiko magari yanakopita. Kama anazo mbili, kila upande moja. Na akitaka kuvuka aanze kutazama kushoto. Mwambie asidhani kwa kuwa amekaa miezi mitatu ameshazoea. Mwili uliokulia Dar, ukiwa umechoka na usingizi, shingo inageukia kulia yenyewe.

Sasa hivi, mwezi huu wa kumi na moja, ndiyo kipindi kibaya kuliko Desemba. Watu wengi hawaamini. Theluji ikishatanda chini, mwanga wote wa taa na wa mwezi unaakisiwa, usiku unakuwa na weupe wake. Kabla haijatanda ni lami nyeusi, mvua na miti myeusi, hakuna kinachorudisha mwanga. Kwa hiyo mzigo wako usichelewe, na hata kabla haujafika mwambie anunue ya kuning'iniza hapo hapo alipo, ni vitu vya bei ndogo na mara nyingi ofisi na vyuo vinagawa bure.

Barafu. Kuna siku nyuzi joto zinacheza karibu na sifuri, mchana kunayeyuka, usiku kunaganda, asubuhi lami inaonekana kama imelowa tu kumbe ni barafu safi. Hiyo ndiyo inavunja watu mikono na nyonga. Kule wanauza viatu vyenye misumari midogo kwenye soli, na pia mipira yenye misumari ya kuvalisha juu ya buti ulizonazo. Anunue hiyo ya kuvalisha, akifika ndani anaivua. Hatua fupi, uzito juu ya mguu wa mbele, mikono isiwe mfukoni. Akiwa na mikono mfukoni akateleza, anatua na kichwa.

Nguo za ndani zisiwe za pamba. Pamba ikilowa jasho inabaki imelowa, na ukisimama kituoni kusubiri basi ndipo inapokuganda. Sufu au zile za michezo zinazokauka haraka, juu yake sweta, juu ya yote koti la kuzuia upepo. Baridi ya Makete watu wanaijua, unavaa sweta mbili na blanketi begani unapita. Ya Oulu inafika nyuzi ishirini chini ya sifuri na kushuka zaidi, na upepo wa baharini ukivuma ngozi iliyo wazi inaganda upesi. Aangalie ncha ya pua, masikio na vidole. Pakipoteza hisia kabisa na pakawa pagumu au pamefifia rangi, hapo ndipo pa kukimbilia ndani. Kwenye ngozi nyeusi weupe ule hauonekani wazi kama vitabu vyao vinavyosema, kwa hiyo ategemee ganzi zaidi kuliko rangi. Asipasugue, na asipake theluji. Apapashe moto polepole, kwapani au kwenye maji ya vuguvugu.

Simu iwe mfuko wa ndani karibu na mwili, betri za simu hulala ghafla kwenye baridi kali hata kama zinaonyesha nusu. Namba ya dharura ni 112, na wana programu inaitwa 112 Suomi, ukipiga kupitia hiyo inawapelekea mahali ulipo. Barabara ya msituni huwezi kuieleza kwa maneno kama ni mgeni. Aipakue leo.

Na mwambie asikatize mto wala bahari iliyoganda kwa kufuata nyayo za wenyeji. Wanasema barafu nzuri ya sentimita tano inambeba mtu mmoja, lakini ya mtoni maji yanapita chini yake na kuila, juu huoni kitu.

Na ukimwona amekuwa kimya kwenye simu, inaweza kuwa ni giza lenyewe linalomwelemea. Saa sita mchana atoke nje hata robo saa, kuwe na jua au mawingu. Na siyo kweli kwamba jua likizama ni giza hapohapo. Huku kwetu adhana ya magharibi ikishaisha, kitambo kidogo tu ni usiku. Kule jua linazama kwa mshazari, rangi ya buluu inabaki angani zaidi ya saa nzima. Nilikuja kuipenda ile saa, nasema kweli.

Mama Cherehani, Tabata Segerea

Mungu awabariki, nimesoma mara mbili na nimemtumia yote. Amenijibu kwamba ile programu ameshaipakua. La kuvuka amekiri shingo bado inageukia kulia.

Sasa nimefikiria kifundi. Nilitaka anitumie picha ya koti nimwelekeze ashone tepu ya kuakisi mikononi, nikaacha. Koti lile ni la kuzuia maji, sindano ikipita kila tundu ni njia ya maji, na hana mashine huko. Basi nimeamua hivi: natengeneza mikanda. Lastiki pana, juu yake nashonea tepu ya riflekta, mwisho naweka velkro. Miwili ya mikono, inakaa juu ya kifundo cha mkono, miwili ya miguu juu ya buti. Akibadilisha koti anahama nayo, na hata kilo moja haifiki. Lastiki haivutwi sana wakati wa kushona, nitaishonea tepu vipande vifupi vifupi vyenye nafasi kati yake, la sivyo tepu itakunjamana na uzi utakatika.

Wasiwasi wangu ni tepu yenyewe. Kariakoo nimeona aina tatu, kuna ya kijivu, kuna ya njano kali, kuna ya kung'aa kama karatasi ya zawadi. Muuzaji anasema zote ni sawa. Mimi siamini. Nitajuaje?

Halafu nina jambo la pili. Dereva aliponiambia habari ya sekunde mbili nikamkumbuka mdogo wake binti yangu. Yuko darasa la saba hapa hapa, anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, na barabara yetu ya ndani hadi kituoni haina taa hata moja. Wasiwasi wangu wote nimeupeleka Ulaya na huyu anapita gizani mbele ya mlango wangu.

Dereva wa Tunduma

Mama, hiyo ya njano kali usinunue kwa ajili ya usiku. Ile inawaka mchana na wakati wa machweo, giza likiingia inakuwa kitambaa kama kitambaa kingine. Ya kijivu ndiyo yenyewe, ukiitazama dukani haivutii hata kidogo. Ndani yake kuna chembe ndogo sana za kioo ambazo zinarudisha mwanga kule kule ulikotoka.

Kuipima ni rahisi na usikubali kununua kabla hujaipima. Omba kipande, nenda nacho kwenye korido yenye giza au subiri usiku uani. Mtu akishike mbali, hatua ishirini hivi. Wewe shika tochi ya simu usawa wa jicho, iguse shavu, mulika. Nzuri inakurudishia mwanga mweupe mkali mpaka unashangaa. Ukiteremsha tochi kiunoni inafifia, na hiyo si kasoro, ndivyo inavyotakiwa, jicho la dereva liko karibu na taa zake. Hiyo ya karatasi ya zawadi itamulika ovyo huku na kule na kwako hakitarudi kitu.

Utingo wangu nilimshonea tepu hiyo kwenye mikono ya ovaroli. Akishuka kuweka mawe kwenye matairi usiku, namwona kwenye kioo cha pembeni bila kuhangaika.

Mwalimu wa Kigamboni

Shikamoo mama. La huyo wa darasa la saba naomba niliongelee, kwa sababu nasimama getini kila asubuhi na nawaona wanavyofika. Siku zetu hazipungui kama za Ufini, lakini mwezi wa sita na wa saba Dar jua linachomoza saa kumi na mbili na nusu imeshapita, na mtoto ameshatembea saa nzima na zaidi gizani. Tena kipupwe hicho ndicho kinachowavalisha masweta ya bluu iliyokoza juu ya shati jeupe. Kile kitu pekee ambacho dereva angekiona kimefunikwa.

Mshonee kwenye begi, kwenye mikanda ya mabegani mbele na kipande chini ya begi kwa nyuma, maana begi ni juu ya sweta siku zote. Halafu mmoja wa mikanda yako ya lastiki mguuni. Shule nyingi hazitakataa kitu cha usalama, ila ongea na mwalimu wa zamu mapema asije akamvua akidhani ni urembo. Na mtoto mwenyewe mwambie asimame nyuma ya mtaro akisubiri gari, siyo ukingoni mwa lami. Bajaji alfajiri zinapita pembeni kukwepa mashimo.

Mama Cherehani, Tabata Segerea

Mwalimu, nimekuelewa, begi naanza nalo usiku huu. Jioni nimepita Kariakoo na tochi yangu. Muuzaji alicheka, lakini alipoona mwenyewe tofauti kwenye kona ya stoo yake akanyamaza, akaenda kuniletea roli nyingine kutoka ndani. Kijivu, inawaka vizuri sana. Ziko za upana wa sentimita tano na za mbili na nusu. Nichukue ipi? Na hizi zinafuliwa?

Dada wa Sinza Mori

Ya tano kwa mikanda ya binti, ndiyo upana wa nguo za kazi za barabarani. Ya mbili na nusu kwa mikanda ya begi la mdogo wake, pana zaidi itazidi ukingo na kuchubuka. Tazama kama roli ina maandishi ya EN ISO 20471, hiyo ni alama ya nguo za kazi za kuonekana. Zile za kuning'iniza atakazonunua kule ziwe na alama za Ulaya za CE na EN 17353, za zamani zimeandikwa EN 13356.

Shona karibu kabisa na ukingo wa tepu, usipitishe sindano katikati. Pasi usiiweke juu yake kabisa. Kufua inafuliwa, kwa mkono na maji ya kawaida, bila dawa ya kung'arisha nguo, lakini kila ikifuliwa inapungua nguvu, kwa hiyo bora apanguse kwa kitambaa chenye maji tu. Chumvi na matope ya barabarani vikiganda juu yake haiwaki, apanguse kila akirudi.

Na weka mikanda sita badala ya minne. Atasahau miwili kwenye kabati la nguo kazini, sote tulisahau, na siku hiyo itakuwa ndiyo ya mvua.